Fahamu Namna Namba za Ushindi Zinavyopatikana kwa Haki katika Bahati Nasibu za Blokicheni

Na Mwandishi Wetu, Mtumba – Dodoma

Katika vikundi vingi vya kupeana fedha kwa zamu, zamu hupangwa kwa kura. Majina huandikwa kwenye vikaratasi, hukunjwa na kutiwa ndani ya bakuli, kisha mtoto huitwa achomoe kimoja. Wote wanashuhudia, hivyo hakuna anayelalamika. Bahati nasibu inapohamia kwenye kompyuta, bakuli halionekani tena. Mshiriki hana budi kujiuliza iwapo kuna aliyeijua namba ya ushindi kabla ya wengine.

Hatari hiyo imewahi kutokea. Nchini Marekani, Eddie Tipton, aliyekuwa mkuu wa usalama wa taarifa wa chama cha bahati nasibu za majimbo, alipandikiza programu iliyowezesha namba kutabirika katika siku chache maalum za mwaka. Droo ya Hot Lotto ya Desemba 29, 2010, yenye zawadi ya dola milioni 16.5, ni miongoni mwa alizochezea. Mwaka 2017 alihukumiwa kifungo cha hadi miaka 25.

Blokicheni na udhaifu wake

Blokicheni ni daftari la kidijitali ambalo nakala zake hutunzwa na kompyuta nyingi, na taarifa ikishaandikwa ni vigumu kuifuta. Hata hivyo, uwazi wa daftari pekee hauthibitishi kuwa namba ilipatikana kwa nasibu. Kompyuta zote lazima zifikie jibu moja, hivyo programu iliyomo haiwezi kujichomolea kura. Huazima namba kutoka kwingine.

Baadhi ya programu huazima alama ya kipekee ya bloku. Kasoro yake ni kwamba mwandaaji wa bloku anaweza kuiona alama hiyo mapema na kuizuia isipomfaa. Aidha, mtandao wa Ethereum uliruhusu programu kusoma alama za bloku 256 za mwisho tu. Kwa bloku za zamani zaidi, jibu lilikuwa sifuri. Mwaka 2017, wakati bahati nasibu ya SmartBillions ilipokaribisha umma kuujaribu mfumo wake, mshambuliaji alisubiri sifuri hiyo na kuondoka na sarafu 400 za etha.

Njia zilizo salama zaidi

Njia ya kwanza ni ahadi iliyofungwa. Kila mhusika huwasilisha muhuri wa namba yake ya siri kabla ya mauzo ya tiketi kufungwa, kisha huifichua baadaye. Anayegoma kufichua hupoteza dhamana yake.

Njia ya pili ni namba yenye uthibitisho wa kihesabu. Huzalishwa kwa ufunguo wa siri na huambatana na ushahidi ambao mtu yeyote anaweza kuuhakiki.

Wajibu wa mshiriki

Nchini Tanzania, michezo ya kubahatisha husimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, Sura ya 41, na watoto walio chini ya miaka 18 hawaruhusiwi kushiriki. Kabla ya kutoa fedha, mwananchi ahakikishe mwendeshaji ana leseni ya Bodi. Vilevile aulize namba inatoka wapi, mauzo yanafungwa lini na nani anaweza kuhakiki matokeo. Mwendeshaji asiyeweza kujibu maswali hayo hastahili kukabidhiwa fedha.