Bakteria wa kinywani na upasuaji

Bakteria wa kinywani ni vijidudu wanaoishi kwenye meno, fizi, ulimi na mate ya binadamu. Aina zaidi ya 700 zimetambuliwa. Wengi hawana madhara wakibaki kinywani, lakini wakiingia mapafuni au kwenye damu wanaweza kuleta maambukizi hatari, hasa kwa mgonjwa anayefanyiwa upasuaji.

Njia za maambukizi

Njia ya kwanza ni ya hewa. Mgonjwa aliyepewa nusukaputi hawezi kukohoa wala kumeza. Mate yenye bakteria yanaweza kuteremka hadi mapafuni, na mpira wa kupumulia unaopitishwa kinywani unaweza kuwapeleka ndani zaidi. Matokeo yake huweza kuwa nimonia baada ya upasuaji.

Njia ya pili ni ya damu. Fizi zilizovimba hupitisha bakteria mtu anapotafuna, anapopiga mswaki au anapong'olewa jino. Kwa kawaida kinga ya mwili huwaua baada ya muda mfupi. Lakini palipo na vali ya moyo iliyoharibika au vali bandia, bakteria wa jenasi Streptococcus wanaweza kujishikiza na kusababisha endokarditisi, yaani maambukizi ya utando wa ndani wa moyo. Ugonjwa huo usipotibiwa huua.

Tarime na Serengeti

Tarime na Serengeti ni wilaya za Mkoa wa Mara, kaskazini mwa Tanzania. Wagonjwa wanaohitaji matibabu ya kibingwa hupewa rufaa kwenda Hospitali ya Bugando, Mwanza, iliyofunguliwa mwaka 1971, au, kwa maradhi ya moyo, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015.

Nchini Tanzania vali za vijana wengi huharibiwa na homa ya baridi yabisi, ambayo hufuata maambukizi ya koo yasiyotibiwa. Kabla ya kubadilishiwa vali, mgonjwa huchunguzwa kinywa, na meno mabovu hutibiwa au kung'olewa kwanza. Anayefika na jino lenye usaha anaweza kuahirishiwa upasuaji. Kwa familia iliyotoka Mugumu au Sirari, pengine baada ya kuuza ng'ombe ili kupata nauli na malazi, kuahirishwa huko ni hasara kubwa. Kwa hiyo inafaa meno yachunguzwe na kutibiwa karibu na nyumbani kabla ya safari.

Kinga

* Kupiga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floridi, ili kuondoa ukoga.
* Kuonana na mtaalamu wa kinywa na meno mapema kabla ya upasuaji uliopangwa.
* Kumweleza daktari kuhusu jino linalouma, linalolegea au fizi zinazotoka damu.
* Kuvua meno bandia kabla ya nusukaputi.
* Kuacha tumbaku, ambayo hudhuru fizi na mapafu.

Mwenye vali bandia, au aliyewahi kuugua endokarditisi, hupewa antibiotiki kama amoksisilini muda mfupi kabla ya kung'olewa jino. Tangu mwaka 2007 mwongozo wa Marekani umeelekeza kinga hiyo kwa walio katika hatari kubwa tu, kwa kuwa matumizi holela ya antibiotiki huzalisha bakteria sugu. Upasuaji wa dharura hausubiri matibabu ya meno.