Mtihani wa Ufahamu: Asili Yake na Mafunzo Yake kwa Walimu wa Bujumbura

Katika lugha yetu neno mtihani lina maana mbili. Ya kwanza ni ile ya shuleni, yaani maswali anayopewa mwanafunzi ili ijulikane amejifunza nini. Ya pili ni taabu inayomfika mja ili ijulikane subira yake. Watoto wetu wa Buyenzi na Bwiza, wanapokaa mbele ya kifungu cha habari kilichoandikwa kwa Kiingereza, chini yake maswali, na kila swali lina majibu manne ya kuchaguliwa, aghalabu hukutana na maana zote mbili kwa pamoja.

Zoezi hili la ufahamu limekuwa jambo la kawaida mno hata twalidhani limekuwapo tangu shule zilipoanza. Sivyo. Lina asili yake, lina waliolibuni, na lina sababu zilizowafanya walibuni. Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa ufupi lilikotoka, jinsi lilivyofika Afrika Mashariki na hapa Burundi, na kwa nini sisi walimu wa Kiswahili tunapaswa kuijua historia hiyo kabla hatujaendelea kuliiga.

Kusoma kabla ya majibu manne

Kiswahili kilifika pwani hii ya Ziwa Tanganyika katika karne ya 19 pamoja na misafara ya biashara iliyopita Ujiji. Wajerumani walipojenga boma lao Usumbura mwishoni mwa karne hiyo, walikitumia katika utawala kama walivyokitumia kwingineko katika koloni lao. Pamoja na lugha hiyo kilikuja chuo, yaani shule ya Kurani, na humo ndimo watoto wengi wa mji walimoshika ubao kwa mara ya kwanza.

Chuoni mtoto alijifunza herufi, kisha irabu, kisha sura fupi, mpaka akamaliza msahafu mzima. Ndiyo asili ya neno letu kuhitimu: ni kuikhitimu Kurani. Kusoma kwake kulikuwa kwa sauti, na mwalimu alisikiliza kama herufi zimetoka mahali pake. Maana ya maneno ilikuja baadaye, katika darasa za tafsiri, kwa kinywa cha sheikh. Waliobuni mpango huo walitenganisha waziwazi kusoma na kufahamu, wala hawakumdanganya mtoto kwamba moja ni sawa na jingine. Aliyetaka kujua kama mwanafunzi amefahamu alimwambia, "Haya, tueleze," akamsikiliza. Njia hiyo ilikuwa na kasoro zake, kwani wengi hawakufika katika tafsiri kamwe. Lakini hakuna aliyefaulu kwa kubahatisha.

Chimbuko la zoezi hili

Mitihani ya maandishi ya Kiingereza ilienea katika makoloni kutoka Cambridge, ambako chuo kikuu kilianza kutahini wanafunzi wa shule mwaka 1858. Katika mitihani ya namna hiyo mwanafunzi aliandika majibu yake kwa maneno yake mwenyewe, na msahihishaji akayasoma moja baada ya jingine.

Swali la kuchagua jibu lilizuka Marekani. Mwaka 1915, katika jimbo la Kansas, Frederick J. Kelly alitunga mtihani wa kusoma kimyakimya. Alikuwa ameona kwamba karatasi moja, ikisahihishwa na walimu wawili, hupewa alama mbili zilizo mbalimbali sana. Alitaka mtihani ambao jibu lake sahihi ni moja tu, na ambao mwalimu ataweza kuusahihisha kwa dakika chache. Nia yake ilikuwa njema: alitafuta haki na kuokoa wakati. Lakini tuzingatie kwamba mtihani huo ulibuniwa kwa ajili ya watoto waliosoma lugha waliyoisema nyumbani. Mwaka 1938 kampuni ya IBM ikatoa mashine ya kusahihisha karatasi za namna hiyo, na tangu hapo idadi ya watahiniwa haikuwa kizuizi tena.

Wakati huohuo, huko Bengal katika India ya wakoloni, mwalimu Mwingereza Michael West alikuwa akilitazama jambo hili kwa upande mwingine. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1926 alisema kwamba mtoto wa Kibengali anahitaji Kiingereza kwanza kwa kusoma, na kwamba hawezi kujifunza kusoma kwa kupewa vifungu vilivyojaa maneno asiyoyajua. Akatunga vitabu ambavyo maneno mapya yalitiwa machache machache na kurudiwarudiwa. Basi tunaona njia mbili zilizozaliwa karibu wakati mmoja: moja ya kumpima msomaji, nyingine ya kumlea. Bahati mbaya, ya kwanza ndiyo iliyoenea upesi zaidi, kwa kuwa karatasi moja ya maswali ni rahisi kuliko sanduku la vitabu.

Zoezi lafika kwetu

Katika Kenya, Uganda na Tanganyika, vyeti vya sekondari vilitoka Cambridge mpaka baada ya uhuru. Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki liliundwa mwaka 1967. Tanzania ilijitoa mwaka 1971, ikaunda baraza lake mwaka 1973. Kenya ikafuata mwaka 1980, na Uganda mwaka 1983. Mabaraza yalibadilika, lakini umbo la maswali lilibaki karibu lilelile. Katika mtihani wa kumaliza shule ya msingi wa Kenya, uliofanywa kuanzia mwaka 1985 hadi 2023, ufahamu wa Kiingereza na ufahamu wa Kiswahili ulipimwa kwa namna moja: kifungu, maswali, na majibu manne. Hivyo ufahamu wa Kiswahili tunaoufundisha leo kwa kiasi kikubwa ni mtoto wa ule wa Kiingereza.

Funzo kubwa zaidi limetoka Tanzania. Huko Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule ya msingi yote mwaka 1967, na Kiingereza kikabaki lugha ya sekondari. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Criper na Dodd, waliwapima wanafunzi wa ngazi mbalimbali kwa vifungu vya kusoma. Waliona kwamba wengi wa wanafunzi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kusomea masomo yao mengine. Kwa maneno mengine, mwanafunzi aliyekuwa akitahiniwa historia au elimu ya viumbe alikuwa kwanza akitahiniwa ufahamu wa Kiingereza, bila ya kuambiwa. Mwaka 1987 ulianza mradi uliogharamiwa na Uingereza wa kupeleka vitabu vyepesi vya hadithi katika shule za sekondari. Lakini lugha ya kufundishia haikubadilishwa.

Hali ya Burundi

Hapa kwetu njia ilikuwa nyingine. Wabelgiji waliuteka mji wa Usumbura mwaka 1916, na katika shule za juu lugha ikawa Kifaransa. Shule ya Astrida, iliyoanzishwa mwaka 1929 kwa ajili ya wana wa watawala wa Ruanda na Urundi, ndiyo iliyokuwa kielelezo. Baada ya uhuru wa mwaka 1962, mageuzi ya mwaka 1973 yaliamua kwamba Kirundi kitumike katika miaka ya kwanza ya shule, na Kifaransa kishike nafasi yake kuanzia mwaka wa tano. Mwaka 2007 nchi ikaingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na karibu na wakati huo Kiingereza na Kiswahili vikatiwa katika shule ya msingi. Mwaka 2014 sheria ikakifanya Kiingereza kuwa mojawapo ya lugha rasmi, pamoja na Kirundi na Kifaransa.

Basi mtoto wa Burundi husoma lugha nne, na hutahiniwa. Je, anafahamu? Kwa jambo hili tuna ushahidi. Mwaka 2014 utafiti uitwao PASEC ulipima wanafunzi wa nchi 10 za Afrika zinazotumia Kifaransa. Watoto wetu wa mwaka wa pili walipimwa kwa Kirundi, na karibu 8 katika kila 10 walifika kiwango kilichotakiwa. Waliwashinda watoto wa nchi nyingine zote 9. Wa mwaka wa sita walipimwa kusoma kwa Kifaransa, na waliofika kiwango walikuwa zaidi kidogo ya nusu. Wenzao hao wa mwaka wa sita, katika hesabu, walifika zaidi ya 8 katika kila 10.

Hatusemi kwamba lugha ndiyo sababu pekee. Mitihani ilikuwa mbalimbali, na watoto pia. Lakini hapana anayeweza kudai kwamba vichwa vya watoto hawa ni vizito. Wanajua kusoma, na wanajua kuhesabu. Kinachopungua ni lugha ya kusomea. Ikiwa hali ni hiyo kwa Kifaransa, ambacho kina miaka zaidi ya 100 katika nchi hii, Kiingereza kitakuwaje, ambacho mtoto wa mtaani hakisikii ila darasani?

China nayo ina historia ndefu ya mitihani. Mitihani ya kuchagua maofisa wa mfalme ilidumu kwa takriban miaka 1300, ikafutwa mwaka 1905. Mtihani wa kuingia chuo kikuu, uliosimamishwa mwaka 1966, ulirudishwa mwaka 1977, na watu zaidi ya milioni 5 wakaufanya. Tangu miaka ya 1980 Kiingereza kimekuwa somo kubwa ndani yake, na katika karatasi hiyo sehemu ya ufahamu ndiyo yenye alama nyingi kuliko zote. Kwa hiyo vijana wa sekondari huko hufanya mazoezi ya vifungu usiku na mchana, na wamefundishwa hila zake: soma maswali kabla ya kifungu, tafuta neno lililorudiwa, ondoa majibu mawili yasiyofaa. Walimu wa huko wenyewe hulalamika kwamba kijana aweza kupata alama za juu na asiweze kusoma kitabu kwa raha. Dunia ni moja katika jambo hili.

Hila na ufahamu

Tutazame hila hizo zafanyaje kazi. Someni sentensi hii, ambayo tumeitunga kwa maneno yasiyokuwapo: "Kirofu alilizunda tefu la mwabiko karibu na fengele." Sasa tuulize: Kirofu alizunda nini? Tefu. Tefu la nini? La mwabiko. Alilizunda wapi? Karibu na fengele. Tumepata alama zote, na hatukufahamu neno lolote! Sarufi ndiyo iliyotujibia. Mwanafunzi hodari wa lugha hujua siri hii mapema, na maswali yetu mengi humpa tuzo kwa kuitumia.

Tuchukue sasa sentensi nyingine: "Jioni ile mvuvi aliyatazama mawingu meusi juu ya milima ya ng'ambo, akaivuta ngalawa yake mpaka mchangani, akaizima taa." Tukiuliza mvuvi alitazama nini, tumerudi palepale. Tukiuliza kwa nini aliizima taa, jibu halimo katika maneno. Mtoto yampasa ajue kwamba wavuvi wa ndagaa huvua usiku kwa taa, na kwamba tufani la ziwa hutoka mlimani. Mtoto wa Bujumbura anajua hayo. Mtoto huyohuyo akipewa kifungu cha Kiingereza juu ya theluji na garimoshi la chini ya ardhi, anapimwa ujuzi ambao hakupewa nafasi ya kuupata, kisha anaambiwa kwamba hajui kusoma.

Mambo ya kufanya

Mtihani haufutiki kwa makala. Mradi upo, ni wajibu wetu kuwatayarisha watoto, kwani nafasi ya masomo ya juu imefungwa humo. Hata hivyo tunaona mambo matatu yaliyo katika uwezo wa mwalimu.

Kwanza, tuwape cha kusoma kingi na chepesi. Utafiti umeonyesha kwamba msomaji asiye na msaada anahitaji kujua kama maneno 98 katika kila 100 ili akifahamu kifungu vizuri. Katika visiwa vya Fiji, utafiti uliotangazwa mwaka 1983 ulihusu shule za vijijini ambazo madarasa yake yalipewa vitabu 250 vya hadithi za Kiingereza kila moja. Watoto wale walikwenda mbele katika kusoma karibu mara mbili ya wenzao waliofuata masomo ya kawaida. Hawakuongezewa maswali, waliongezewa vitabu.

Pili, mazungumzo ya kifungu yafanywe kwa lugha anayoimudu mtoto, iwe Kirundi au Kiswahili, kisha jibu liandikwe kwa lugha ya mtihani. Kufikiri kwa Kirundi si kosa la Kiingereza.

Tatu, na hili latuhusu sisi hasa, tusikifanye Kiswahili kuwa mzigo wa nne. Kwa mtoto wa Buyenzi hii ni lugha ya nyumbani. Kwa mtoto wa milimani ni ngeni, lakini ni ndugu wa lugha yake: umwana ni mwana, igitabo ni kitabu, gusoma ni kusoma. Hakuna lugha nyingine ya kigeni atakayoweza kuisoma kwa kufahamu upesi kama hii. Tukimpokea kwa majibu manne tangu siku ya kwanza, tutakuwa tumeufunga mlango uliokuwa wazi. Tukimpa hadithi, kisha tukamwambia kama walivyoambiwa wa zamani, "Haya, tueleze," atakuwa amejua angaa katika lugha moja ya shule nini maana ya kufahamu. Na aliyekwisha kuijua maana hiyo katika lugha moja, huitafuta katika nyingine.

Walimu wenzetu, kupima ni sehemu ya kazi yetu, lakini mizani hainenepeshi ng'ombe. Tulishe kwanza, kisha tupime.