Faida Iliyokatiwa Shauri Geneva

Mwaka 1923 wafanyabiashara wa Kihindi wa Dar es Salaam walifunga maduka. Serikali ya Kiingereza ilikuwa imetunga sheria ya kodi ya faida, na ikataka vitabu vya hesabu visiandikwe tena Kigujarati. Mgomo ulidumu wiki nyingi, na muongo haukuisha kabla kodi ile haijafutwa. Tanganyika ikakaa bila kodi ya mapato hadi 1940, wakati wa vita.

Mkulima hakuwa na duka la kufunga. Yeye alikuwa akitozwa tangu 1898, Wajerumani walipoanzisha kodi ya nyumba, rupia 3 kwa kila nyumba. Asiye na rupia alilipa kwa jasho. Waingereza wakaipanga upya mwaka 1922, wakaweka na kodi ya kichwa. Babu yangu aliingia mashamba ya mkonge ya Korogwe kwa sababu hiyo tu: alihitaji shilingi za kodi. Alikata mkonge, nyapara akatia alama kwenye kipande, yaani kadi yake ya kazi, na alama zilipotimia 30 ndipo alipolipwa. Risiti ya kodi aliikunja akaitia kwenye kibweta, maana askari wangeweza kuidai wakati wowote. Singa za mkonge nazo zilipakiwa melini Tanga, na faida ya makampuni mengi ya mkonge ikahesabiwa Ulaya.

Mwaka uleule wa mgomo, wanauchumi wanne, Bruins wa Rotterdam, Einaudi wa Turin, Seligman wa New York na Stamp wa London, waliwasilisha ripoti mbele ya Shirikisho la Mataifa. Swali lao lilikuwa hili: kampuni ikifanya biashara nchi mbili, nani aitoze kodi? Kufikia 1928 Geneva, makao ya Shirikisho hilo, ilikuwa na mikataba ya mfano. Nchi ambako biashara inafanyika ingetoza faida endapo tu kampuni ina kituo cha kudumu cha biashara humo. Tanganyika, iliyokuwa chini ya udhamini wa Shirikisho hilohilo, haikuwa na kiti.

Kinachoniuma zaidi ni habari ya Mexico. Vita vikiwa vimeifunga Ulaya, wataalamu, wengi wao wa Amerika ya Kilatini, walikutana Mexico City mwaka 1943 wakaandika mfano mwingine, unaoipa nchi inakozaliwa faida haki ya kwanza ya kutoza. Mwaka 1946 kamati ya kodi ya Shirikisho ilikutana London, na nchi zenye mitaji zikaupindua. OECD, jumuiya ya nchi tajiri, nayo ikashika njia ya London katika mfano wake wa 1963. Umoja wa Mataifa ulitoa wake mwaka 1980, ukatulegezea kidogo: kazi ya ujenzi inatozwa ikizidi miezi 6, badala ya 12 ya OECD. Mimi ni mhasibu, na miezi hiyo sita naijua uzito wake. Mkandarasi wa nje akimaliza daraja kwa miezi 10, ama ataacha kodi hapa ama ataondoka na faida yote, kutegemea mkataba wetu na nchi yake ulifuata mfano upi.

Oktoba 2021 nchi 136 zilikubaliana kwamba makampuni makubwa ya kimataifa yalipe kodi isiyopungua asilimia 15. Kenya haikuunga mkono. Tangu Januari mwaka ule ilikuwa ikitoza asilimia 1.5 kwenye mapato ya huduma za kidijitali, na mapatano yalitaka kodi za namna hiyo ziondolewe, ilhali haki mpya ya kutoza iliyotolewa na mapatano hayo ingeyagusa tu makampuni yenye mapato ya zaidi ya yuro bilioni 20. Naiheshimu Kenya kwa uamuzi ule.

Novemba 2023 nchi za Afrika, Nigeria ikiwa mbele, zilipeleka azimio Umoja wa Mataifa, New York, la kutaka mkataba wa kodi wa dunia nzima. Kura 125 ziliunga mkono, 48 zikapinga, nyingi za wanachama wa OECD. Majadiliano yalipoanza Februari 2025, Marekani ilijitoa. Mkataba unatakiwa uwe tayari 2027, pamoja na itifaki ya kutoza huduma zinazovuka mipaka, na hiyo ndiyo ninayoifuatilia. Nimepitia hesabu ambamo kampuni tanzu inailipa kampuni mama ada ya uongozi, ada ya ushauri na ada ya mifumo ya kompyuta mpaka mstari wa faida unabaki mtupu, huku malori yake yakipita usiku na mchana. Itifaki ikiruhusu ada hizo zitozwe zinakotoka, bila kuuliza kama mlipwaji ana ofisi Dar es Salaam, sharti la 1928 litakuwa limevunjwa.