Kazi Iliyochelewa na Mikono Mingi

Wazee wetu walisema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, nao walisema kweli. Shamba ambalo mtu mmoja hulilima kwa siku kumi, watu kumi waweza kulilima kwa siku moja, kwa maana kila mkulima hushika jembe lake na sehemu yake, wala hana haja ya kumwuliza jirani neno. Lakini ziko kazi zisizokubali hesabu hiyo. Utunzi wa programu, yaani maagizo yaiongozayo kompyuta, ni mojawapo, na jambo hilo lilijulikana kwa gharama kubwa.

Tarehe 7 Aprili, 1964, kampuni ya IBM ya Marekani ilitangaza jamii mpya ya kompyuta iliyoitwa System/360. Kabla ya hapo, mwenye mashine ndogo aliyetaka kubwa zaidi aghalabu alilazimika kuziandika upya programu zake. Jamii hii mpya ilikusudiwa kuondoa adha hiyo, ili programu iliyofaa mashine ndogo ifae na kubwa pia. Yakadiriwa kwamba mradi mzima ulimeza dola bilioni 5, fedha zilizozidi mapato ya kampuni ya mwaka mzima wakati ule. Kuanguka kwa mradi kungaliitia kampuni yenyewe hatarini.

Programu kuu ya kuzitawala mashine hizo iliitwa OS/360, na msimamizi wake alikuwa Frederick Brooks, aliyezaliwa mwaka 1931. Kazi ilipopamba moto, watu zaidi ya 1,000 waliishughulikia: watunzi wa programu, waandishi wa vitabu vya maelezo, makarani na mameneja. Kati ya mwaka 1963 na 1966 ilitumia nguvu ambayo mtu mmoja angaliitoa kwa miaka 5,000. Hata hivyo ilichelewa, ikagharimu mara kadhaa ya makadirio, na matoleo yake ya kwanza hayakufanya kazi sawasawa.

Liko kosa moja ambalo Brooks mwenyewe alilikiri baadaye, nalo lastahili kusimuliwa kwa urefu. Kabla ya kuijenga programu ilibidi kuandika ramani yake, yaani maelezo ya yote itakayomfanyia mtumiaji. Mkuu wa wasanifu alikuwa na watu 10 hodari. Alisema wataimaliza ramani kwa miezi 10, nayo itakuwa njema. Lakini muda huo ulipita ratiba kwa miezi 3. Mkuu wa wajenzi alikuwa na watu 150. Yeye alisema kundi lake, likishirikiana na wasanifu, laweza kuimaliza kwa wakati. Tena, je, watu 150 wakae kitako miezi 10 wakiwangoja 10? Hoja hiyo ilikuwa tamu masikioni, maana ni nani apendaye kuwalipa mshahara watu wasio na kazi? Brooks akawapa wengi. Ramani ikachelewa miezi 3 ile ile, tena ikatoka mbovu. Manahodha walikuwa wengi, chombo kikaenda mrama. Brooks alikisia kwamba kukosekana kwa fikira moja katika ramani ile kuliongeza mwaka mzima katika kazi ya kusaka makosa.

Ugonjwa huo haukuwa wa IBM peke yake. Mwezi wa Oktoba, 1968, wataalamu walikutana mjini Garmisch, Ujerumani ya Magharibi, chini ya kamati ya sayansi ya NATO, wakalalamikia programu zilizochelewa na zilizojaa makosa.

Brooks alipokuwa akiondoka IBM kwenda kufundisha katika Chuo Kikuu cha North Carolina, mkuu wa kampuni, Thomas Watson mdogo, alimwuliza kwa nini ni vigumu hivyo kusimamia utunzi wa programu. Jibu lilitoka katika kitabu, The Mythical Man-Month, mwaka 1975. Humo imo kanuni ijulikanayo hata leo kwa jina la Brooks: kuongeza watu katika mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi. Mgeni hana budi kufundishwa, na amfundishaye huiacha kazi yake. Tena watu hawana budi kuelewana. Chukua kalamu ujaribu: watu 3 wakizungumza wawili wawili wana njia 3 za mazungumzo, watu 10 wana njia 45, watu 50 wana njia 1,225.

Brooks hakudai kwamba kanuni yake ni kamili. Alisema wazi kuwa ameirahisisha kupita kiasi. Kwa hiyo wengine waliipima. Mwaka 1991 Tarek Abdel-Hamid na Stuart Madnick walitoa kitabu cha utafiti ambamo waliuiga mwenendo wa miradi kwa hesabu zilizofanywa na kompyuta. Waliona kwamba kuongeza watu katika mradi uliochelewa huzidisha gharama sikuzote, bali si kila mara huzidisha ucheleweshaji. Waongezwao mapema hupata muda wa kujifunza na kulipa deni la mafunzo yao. Waongezwao karibu na mwisho hufika wakati wenyeji hawana nafasi ya kuwafundisha.