Jiwe la Kakontwe na maziwa ya chini ya ardhi
Jiwe hili la chokaa linaitwa Kakontwe, jina la mahali hapa Likasi, Kongo, na wanajiolojia hulitumia jina hilo hadi Zambia. Maji ya mvua, yakiwa na asidi hafifu ya hewani na udongoni, huliyeyusha polepole, yakachonga mapango na mikondo gizani. Paa la pango likiporomoka, ziwa hufunuka. Ndivyo lilivyozaliwa ziwa Kashiba, Zambia, ndani ya jiwe hilihili. Ndivyo pia Melissani, kisiwani Kefalonia, Ugiriki: wageni huingia kwa mashua, na jua la adhuhuri huyafanya maji yawe ya buluu ya ajabu kweli.

Tafadhali, usimwage taka wala mafuta katika mashimo ya jiwe hili. Mwamba wenye mapango hauchuji uchafu; huupeleka moja kwa moja kwenye chemchemi.