Kutoka Maonyesho hadi Makumbusho: Hamu ya Starehe Zilizotoweka Itazamwapo kutoka Malemba-Nkulu

Utangulizi

Kila kizazi kina starehe zake, na kila starehe ina siku yake ya kufungwa. Katika nchi za Ulaya na Marekani yamekuwapo maandishi mengi yanayoomboleza viwanja vya starehe vilivyotoweka: magurudumu makubwa ya kubembea yaliyouzwa kama vyuma chakavu, majumba ya vioo, vijiji vya kubuni, na reli ndogo zilizowazungusha watoto katika milima ya bandia. Waandishi wake ni watu wazima wanaokumbuka mkono wa mzazi na hofu tamu ya kuinuliwa juu ya mapaa ya mji. Pwani ya Waswahili nayo haikosi hamu ya namna hiyo. Wapo Unguja wanaozikumbuka pembea za sikukuu katika viwanja vya Mnazi Mmoja.

Makala haya yanakusudia kuitazama hamu hiyo kutoka mahali pasipotarajiwa: Malemba-Nkulu, mji wa nchi ya Waluba ulio kwenye mto Lualaba, katika mkoa wa Haut-Lomami ambao makao yake makuu ni Kamina. Mji huu hautajwi katika historia ya viwanja vya starehe. Hata hivyo, tunapachagua kwa sababu mbili. Kwanza, watu wa Kongo walikuwamo katika maonyesho makubwa ya zama hizo, si kama wakata tiketi bali kama watu wa kutazamwa. Pili, nchi ya Waluba na Kiswahili cha Katanga vina dhana za kumbukumbu zinazoweza kutusaidia kuipima hamu hiyo. Hoja yetu ni kwamba kutamani starehe iliyotoweka si kosa, lakini kumbukumbu isiyouliza nani alitazama na nani alitazamwa ni kumbukumbu nusu.

Mzizi -ona na mzizi -kumbuka

Kiswahili kinatupatia mlango mzuri wa kuingilia katika suala hili. Neno maonyesho linatokana na kitenzi -ona kilichopewa kiambishi cha kusababisha: kuonyesha ni kumfanya mtu aone. Palipo na kuonyesha pana pande tatu: anayeonyesha, anayeonyeshwa, na kile kinachoonyeshwa. Pande hizo hazina uwezo sawa. Wa kwanza huchagua, wa pili hulipa na kufurahi, wa tatu hana kauli. Kinyume chake ni kuonana, ambako kila mmoja humwona mwenzake na wote wawili ni watendaji.

Makumbusho nalo limejengwa kwa njia hiyo hiyo: kukumbusha ni kumfanya mtu akumbuke. Ni jambo la kutafakari kwamba lugha yetu haikuliita jengo la kuhifadhia vitu vya kale ghala wala hazina, bali mahali pa kukumbushana. Kati ya maonyesho na makumbusho, basi, pana safari. Swali letu ni kama hamu ya starehe za zamani imeimaliza safari hiyo.

Gurudumu na mtu

Tuanze na kifaa maarufu kuliko vyote. Mwaka 1893, katika maonyesho ya Chicago, mhandisi George Ferris alisimamisha gurudumu la chuma lenye kimo cha mita 80 hivi. Lilikuwa na vyumba 36, na kila kimoja kiliweza kuchukua watu 60; yaani watu zaidi ya 2,000 waliweza kuwa hewani kwa wakati mmoja. Baadaye lilihamishiwa St. Louis kwa maonyesho ya mwaka 1904, na mwezi wa Mei 1906 likabomolewa kwa baruti. Mpaka leo wapo wanaolililia, na si ajabu, kwani lilikuwa kazi kubwa ya uhandisi na liliwapa watu wa kawaida mandhari ambayo hawakuwa wameiona maishani.

Lakini katika maonyesho hayo hayo ya St. Louis alikuwapo kijana wa Kongo aitwaye Ota Benga, wa jamii ya wale ambao Kiswahili kimezoea kuwaita Wambilikimo, jina ambalo lenyewe huwatazama watu hao kwa kimo chao tu. Aliletwa na Samuel Phillips Verner, Mmarekani aliyepewa kazi ya kutafuta watu wa Afrika kwa ajili ya kuonyeshwa. Baada ya maonyesho alirudishwa Kongo, kisha akaandamana tena na Verner kwenda Marekani. Septemba 1906, miezi minne tu baada ya gurudumu kuvunjwa, Ota Benga aliwekwa katika banda la nyani kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York, pamoja na orangutani. Umati ulifurika. Wachungaji weusi wa mji huo, wakiongozwa na James H. Gordon, walipinga kwa nguvu hadi akatolewa na kupelekwa katika nyumba ya mayatima. Mwaka 1910 alihamia Lynchburg, Virginia, akafanya kazi katika kiwanda cha tumbaku. Machi 1916 alijitoa uhai. Taasisi inayoendesha bustani ile iliomba radhi hadharani mwaka 2020, yaani miaka 114 baada ya tukio.

Hapa yafaa kukumbuka asili ya neno ambalo Wazungu hulitumia kwa hamu ya zamani, yaani nostalgia. Lilibuniwa mwaka 1688 na daktari Johannes Hofer kwa kuunganisha maneno mawili ya Kigiriki, moja la kurudi nyumbani na jingine la maumivu. Halikuwa na maana ya kutamani utoto. Lilikuwa jina la ugonjwa wa walio mbali na kwao. Tukilichukua neno hilo kwa maana yake ya kwanza, basi mwenye kustahili kusemwa kuwa aliugua katika uwanja wa starehe si mtazamaji anayelikumbuka gurudumu, bali ni yule aliyekuwa akitazamwa, aliyetenganishwa na nchi yake kwa bahari nzima.

Kijiji cha Tervuren na kijiji cha Brussels

Kisa cha Ota Benga chaweza kudhaniwa kuwa ni cha mtu mmoja na wakala mmoja. Sivyo. Mwaka 1897 Mfalme Leopold wa Pili aliamuru sehemu ya maonyesho ya Brussels iandaliwe Tervuren, nje kidogo ya mji. Waliletwa Wakongo 267, na vikajengwa vijiji vya kuigiza ili wageni wawatazame wakipika, wakipiga makasia na wakicheza ngoma. Wageni walipita milioni moja. Majira yale ya joto yalikuwa ya baridi na mvua, na Wakongo saba walifariki: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Makaburi yao yako kando ya kanisa la Tervuren.

Ufanisi wa maonyesho hayo ndio uliozaa makumbusho ya kudumu, na jengo lake kubwa lilifunguliwa mwaka 1910. Humo vimo viti vya enzi na sanamu za Waluba, vitu ambavyo mwanafunzi wa Malemba-Nkulu akitaka kuviona hana budi kuomba viza. Hivyo Tervuren ilivuka kutoka maonyesho hadi makumbusho kwa jina, lakini kwa miaka mingi ilimkumbusha mgeni utukufu wa mkoloni peke yake. Ni ilipofunguliwa upya Desemba 2018, baada ya ukarabati wa miaka mitano, ndipo ilipojaribu waziwazi kuitazama upya historia yake.

Mwaka 1958 jambo lilirudiwa. Maonyesho ya dunia ya Brussels yalitembelewa na watu milioni 41 hivi, na alama yake, Atomium, yenye kimo cha mita 102, ingali imesimama. Wabelgiji wengi huyakumbuka kwa mapenzi, hasa mtaa uitwao La Belgique Joyeuse, uliojengwa kuigiza Ubelgiji ya mwaka 1900 hivi na kubomolewa baadaye. Mtaa huo wenyewe ulikuwa hamu iliyojengwa kwa mbao na rangi. Leo watu wanaitamani hamu hiyo. Lakini karibu na hapo palikuwa na kijiji cha Kikongo ambamo mafundi walitengeneza kazi zao huku wageni wakiwatupia sarafu na ndizi. Mafundi walikataa kudhalilishwa, wakaondoka mwezi wa Julai, na kijiji kikabaki kitupu kabla ya maonyesho kwisha. Miaka miwili baadaye, tarehe 30 Juni 1960, Kongo ilikuwa huru. Katika orodha za vivutio vilivyotoweka, kijiji hicho aghalabu hakimo. Na kikitajwa, hakisemwi kuwa kilifungwa na watu waliokataa kuendelea kuonyeshwa.

Lukasa na ukumbusho

Je, ipo njia nyingine ya kukumbuka? Waluba wanayo. Chama cha Mbudye kilihifadhi historia ya ufalme kwa ubao uitwao lukasa, mdogo wa kushikwa mkononi, uliopambwa kwa shanga, vipande vya kauri na michongo. Msomaji huushika kwa mkono wa kushoto, akapitisha kidole cha mkono wa kulia juu ya shanga huku akisimulia habari za Nkongolo, Mbidi Kiluwe na Kalala Ilunga. Ushanga ule ule haulazimiki kutoa maneno yale yale kila mara; usomaji hutegemea shughuli iliyopo na wanaosikiliza. Lukasa, basi, haikumbuki kwa niaba ya mtu. Humlazimu mtu aseme, mbele ya wenziwe wanaoweza kumsahihisha.

Dhana inayokaribiana na hiyo ilijitokeza katika Kiswahili cha Katanga. Katika miaka ya 1970 wachoraji wa Lubumbashi waliuza picha ambazo wao na wanunuzi wao waliziita ukumbusho. Mashuhuri kati yao ni Tshibumba Kanda Matulu, ambaye katika miaka ya 1973 na 1974 alichora historia ya nchi yake katika picha mia moja hivi na kuzieleza kwa Kiswahili mbele ya mwanaanthropolojia Johannes Fabian. Miongoni mwa picha zilizopendwa na kutundikwa sebuleni ni ile ya Colonie belge: mfungwa akichapwa viboko mbele ya afisa wa Kizungu. Mgeni angeshangaa mtu kupamba nyumba yake kwa mateso. Lakini haikuwa pambo. Ilikuwa ni kitu cha kuanzishia mazungumzo, ili mtoto aulize na mzee ajibu.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba hamu ya starehe zilizotoweka na ukumbusho si kitu kimoja. Hamu humrudisha mtu kwenye furaha yake mwenyewe. Ukumbusho humkutanisha na wengine waliokuwapo. Hatumwombi mzee wa Brussels au wa St. Louis aione aibu furaha ya utoto wake, kwani mtoto hakuchagua alichoonyeshwa. Tunachodai ni kwamba simulizi yake isomwe kama lukasa, yaani mbele ya wanaoweza kuongeza ushanga uliosahauliwa.

Kazi hiyo inawahusu pia wanafunzi wa Kiswahili. Zipo familia za Kongo ambazo wazee wao walikwenda Brussels mwaka 1958, na zipo ambazo mababu zao walipelekwa huko zamani zaidi. Masimulizi yao yanapasa kukusanywa katika lugha wanazoyasimulia, kabla wasimulizi hawajaondoka. Hapo ndipo wale waliokuwa wakionyeshwa watakapokuwa wasemaji, na maonyesho yatakapokuwa makumbusho kwa maana kamili ya neno hilo.