Kabla ya Karatasi: Mafunzo ya Usanifu wa Ndani kutoka Bugoyi hadi Kigali

Usanifu wa ndani, yaani kazi ya kupanga jinsi nafasi iliyomo katika jengo itakavyogawanywa, kuangazwa, kupambwa na kutumiwa na wakazi wake, hufundishwa vyuoni kwa hatua zinazojulikana: mwanafunzi humsikiliza atakayeitumia nafasi, huipima, huchora rasimu kadhaa, huunda kielelezo kidogo, hukosolewa na walimu, kisha huanza kuchora upya. Hatua hizi husimuliwa mara nyingi kana kwamba zilizaliwa Ulaya, hasa katika shule ya Bauhaus iliyofunguliwa Weimar, Ujerumani, mwaka 1919. Anayeitazama kwa makini kata ya Mudende, katika wilaya ya Rubavu nchini Rwanda, na nchi ya zamani ya Bugoyi iliyo chini ya volkano za Virunga, hawezi kuridhika na masimulizi hayo, kwa kuwa huko mpangilio wa ndani ulifikiriwa, ukajaribiwa na kurekebishwa muda mrefu kabla penseli haijafika.

Nyumba ya jadi ya Rwanda ilikuwa ya mviringo, yenye paa la nyasi lililoinuka kama kuba, nayo ilisimama ndani ya ua uitwao urugo. Udogo wake ulimlazimisha mjenzi kuamua mapema nani angeketi wapi, moto ungewaka wapi, na macho ya mgeni yangeishia wapi. Uamuzi huo ulitekelezwa kwa insika, yaani viambaza vilivyosukwa kwa matete na nyuzi za mimea, vilivyotenga kitanda na sehemu ya mbele ya kupokelea wageni. Katika nyumba za wafugaji palikuwa pia na uruhimbi, jukwaa la kuwekea vyombo vya maziwa, na mahali pake palionyesha heshima waliyopewa ng'ombe, huku nyasi laini zikitandikwa sakafuni. Insika za nyumba za wakuu, zilizosukwa na wanawake, zilibeba michoro ya pembe na mistari myeusi juu ya rangi ya asili ya matete, na michoro hiyo haikuwa pambo lililobandikwa baadaye, kwa sababu ilizaliwa pamoja na kiambaza chenyewe, uzi kwa uzi, kwa hesabu iliyopaswa kukamilika kichwani mwa msusi kabla mkono haujaanza. Mwanafunzi wa kazi hiyo alijifunza kwa kuketi karibu na aliyemzidi ujuzi, na palipokosewa, ususi ulifumuliwa. Kufumua huko ndiko kulikokuwa kukosolewa kwake, na kulidai uvumilivu ambao rasimu ya karatasi haiudai.

Pwani ya Waswahili ilifikia hekima kama hiyo kwa vifaa vingine. Nyumba za mawe za Lamu humpokea mgeni dakani, humwingiza kwenye kiwanda, yaani ua wa ndani, na kuficha vyumba vya ndani kabisa, ambako zidaka, yaani vishubaka vya chokaa vilivyochongwa ukutani, huonekana na wachache tu. Huku na kule, msanifu alianza na adabu za wakazi ndipo akafikia umbo.

Ukoloni ulileta njia nyingine. Mwaka 1932 Wabelgiji walimjengea Mwami (mfalme) Mutara III Rudahigwa jumba la kisasa huko Nyanza, lenye vyumba vya pembe nne na viti vya Kizungu, na kuanzia hapo ramani iliyochorwa kwanza, ikajengwa baadaye na watu wengine, ikawa ndiyo alama ya usanifu. Shule nazo zikafuata. Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa Makerere katika miaka ya 1930. Shule ya Saint-Luc, iliyoanzishwa Gombe-Matadi mwaka 1943 na kuhamia Léopoldville (Kinshasa ya leo) mwaka 1949, ikawa Chuo cha Sanaa cha Kinshasa, ambacho leo kina idara ya usanifu wa ndani. Na huko Nyundo, katika wilaya ileile ya Rubavu, shule ya sanaa iliyoanza katika miaka ya 1950 ikafundisha uchongaji, ufinyanzi na uchoraji. Faida ya karatasi ni kubwa, kwani humwezesha mwanafunzi kukosea mara nyingi kwa gharama ndogo. Hasara yake ni kwamba ilimtenganisha anayefikiri na anayetengeneza, na msusi wa insika hakuitwa kuwa mwalimu.

Mudende yenyewe ilipata Chuo Kikuu cha Waadventista cha Afrika ya Kati mwaka 1984. Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu waliokimbilia humo waliuawa, na baadaye chuo kilihamishiwa Kigali. Historia yoyote ya ufundi katika eneo hili lazima ikumbuke kwamba pamoja na watu ulipotea pia ujuzi waliokuwa nao mikononi.

Mfano bora wa kurudisha mchakato kwenye mizizi yake ni hospitali ya Butaro, wilayani Burera, iliyofunguliwa mwaka 2011 kwa usanifu wa MASS Design Group. Wasanifu walianza kwa kutazama jinsi magonjwa ya hewa yanavyoenea katika korido zilizojaa wagonjwa. Wakaziondoa korido za ndani, wakaelekeza vitanda kwenye madirisha makubwa, na kuta zikajengwa kwa mawe ya volkano na waashi wa hapohapo, ambao ustadi wao uliongezeka kadiri ukuta ulivyosonga mbele. Mafunzo ya usanifu majengo katika chuo kikuu yalianza Kigali mwaka 2009, katika taasisi ya KIST, na jengo la sasa la shule ya usanifu majengo, ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda, limetumia pia mawe ya volkano na udongo ulioshindiliwa.

Mawe, basi, yamekwisha kuingia darasani, viambaza bado. Nyumba ya mwami iliyojengwa upya inaonekana Nyanza, na nyingine ya jadi imo ndani ya Makumbusho ya Ethnografia ya Huye. Wakuu wa vyuo wanaombwa wawapeleke huko wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakiwa na futi na kamba, wazipime nyumba hizo, na warudi wakiwa wamesuka kwa mikono yao angalau dhiraa moja ya insika kabla ya kuruhusiwa kuchora chumba.